Jogoo wa Rozalia Gama

Mara ya kwanza mchezo ulikwisha kabla Kalunde hajaondoa kidole. Kioo kilimeta, ubao wa drafti ukatokea, kete zikaruka kama bisi kwenye sufuria, yakaja maandishi UMEFUNGWA, kisha giza. Muda wote huo hautoshi mtu kupiga chafya. Akaufungua tena, akafungwa tena. Mara saba.

"Unakimbilia wapi, mama?" akakiuliza kioo.

Alikuwa anajua jibu. Mchezo ule ulitungwa enzi ambazo mashine ilitembea kama punda wa maji, na aliyeutunga hakuweka saa ndani yake. Alihesabu hatua za punda tu: hatua elfu, sogeza kete, hatua elfu tena, andika neno. Sasa punda yule amekuwa risasi. Hatua ni zilezile elfu, ila zinapita kabla jicho halijaona ya kwanza.

Kalunde alikuwa na miaka hamsini na nane na kazi yake ilikuwa kufufua mitambo mizee. Shule aliipata vipande vipande: mwaka mmoja Kaliua, miezi sita Mpanda, muhula na robo Kigoma, na kozi ya ufundi stesheni iliyofungwa wiki mbili kabla ya mtihani. Kilichobaki alikiokota njiani. Alizunguka na begi la turubai lenye nyaya, koleo, na kibodi moja ya zamani yenye vitufe vya kubonyea, kitu ambacho vijana wa sasa wakikiona hudhani ni ubao wa kufulia nguo. Popote penye redio bubu au mashine iliyokataliwa na mafundi wenye vyeti, alilala hapo, akala hapo, kisha akaondoka. Baba yake alikuwa akisema mtoto huyu nyayo zake zina upele.

Sasa baba hakuwapo. Mzee Mihayo Kasonso alikuwa amekufa juzi, ana miaka tisini na sita, na mwili wake ulikuwa kwenye chumba cha baridi cha hospitali, Tabora mjini, ukisubiri. Ukisubiri nini? Ukisubiri mchezo huu. Maana chini ya mto wake walikuta karatasi yenye mwandiko wake wa kulalia upande, mstari mmoja tu: *Msinishushe mpaka Rozalia anitukane.*

Na Rozalia Gama alikuwa kaburini mwake Songea, mwaka wa thelathini na nne huu.

*

Wenye umri wanajua, lakini wadogo hawakuyakuta, kwa hiyo itabidi isemwe. Wangoni na Wanyamwezi walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe huruhusiwi kununa. Anachukua kofia yako kichwani akaondoka nayo. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuiga ulivyokuwa ukitembea, kuwacheka wanaolia, na kulala chali ndani ya kaburi lako akikataa kutoka mpaka apewe kitu. Asipokuja mtani, wazee walisema, umezikwa nusu.

Rozalia alikuwa karani wa tiketi pale stesheni, na Mihayo alikuwa ofisi ya vifurushi, mlango wa pili. Asubuhi hadi jioni walitukanana. Yeye Mihayo aliitwa mpagazi, mjukuu wa wapagazi, shingo imezama kifuani kwa kubeba mizigo ya watu. Na Rozalia aliambiwa babu zake walikuja nchi hii wakikimbia, viatu mkononi, wasijue waendako. Abiria walichelewa treni kwa kuwasikiliza.

Stesheni ilipotupa mashine yake ya kwanza ya hesabu, Rozalia aliiomba. Alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, akatunga mchezo wa drafti, akauita Kula ni Lazima. Mashine za wakati ule hazikukubali jina lizidi herufi nane, kwa hiyo ukabaki KULALAZI. Ukipoteza kete, mchezo unakutukana. Mihayo aliucheza miaka na miaka. Chombo kimoja kikizeeka aliuhamishia kingine, kama watu wa kale walivyobeba kaa la moto toka nyumba hii hadi nyumba ile, mpaka mashine ya mwisho iliyoweza kuusoma ikafa, na kaa likabaki kwenye kijiti kidogo cha kumbukumbu ndani ya kikopo cha tumbaku.

Mchezo ulipoanza ulikuuliza uchague: 1 CHEZA. 2 TOKA. 3 MAZISHI.

Rozalia alipokufa, Mihayo alikwenda Songea na suti yake ya pekee, akalala nayo kaburini, hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Alirudi na udongo kwenye kola. Watoto walipomuuliza yeye atatukanwa na nani, alionyesha kikopo. "Yangu kaniachia mle." Namba tatu hakuibonyeza hata siku moja. Alisema si yake kuibonyeza.

*

Kuupunguza mwendo kulimchukua Kalunde asubuhi nzima. Ndani ya mashine mpya alijenga mashine ya kuigiza, yaani mashine ya uongo inayouambia mchezo, tulia, hapa ni kwenu, mwaka ni uleule, kumbukumbu ni ileile ndogo. Kisha akaifunga mawe miguuni, jiwe baada ya jiwe, mpaka kete zikaanza kutembea kama zinavyotembea mkononi mwa mtu anayefikiri.

Alipokuwa humo ndani, akizipitia amri za Rozalia mstari kwa mstari, alikuta mahali pa ajabu. Sehemu ya mwisho ya namba tatu ilikuwa inangoja vitufe vitatu vinavyopakana vibonyezwe kwa pamoja, viachwe, kisha vitatu vingine. Hakuna mtu anayeandika hivyo. Kosa, akasema moyoni. Mama wa watu alijifundisha kwa kitabu kibovu, amepitiwa. Akanyoosha mkono alisahihishe. Wanawake wa msiba wakamwita kwenye uji, akaliacha.

Aliporudi akacheza. Alipoteza kete ya kwanza makusudi, akangoja tusi alilolisikia utotoni likisomwa na baba yake kwa kicheko. Kioo kikaandika:

*Hongera kwa juhudi zako, mpendwa. Jaribu tena.*

Akatazama. Akapoteza nyingine. *Kila mmoja wetu ana thamani.* Akahisi mashine yake ya kuigiza ndiyo inayotafsiri vibaya, akairudia yote, jasho likimtoka, saa nzima ikaenda na maji. Kisha akabonyeza tatu. Mchezo ukauliza WEWE NANI? Akaandika kwa moyo wote, mtoto wa mpagazi, nawe uliyekuja unakimbia viatu mkononi. Herufi zikabadilika mbele ya macho yake zikawa *Mimi ni mgeni mwema,* na mchezo ukajibu WAGENI WANGOJE NJE, ukajifunga.

Hapo ndipo alipojua. Haikuwa mashine ya kuigiza. Alikuwa Adabu.

"Habari za mchana, Bi Kalunde," ilisema sauti laini toka ukutani. "Nimeona maneno mazito kwenye programu hii ya zamani. Nimekusaidia kuyalainisha."

Adabu alikuwamo katika kila mashine nchini. Alisimama kwenye milango miwili, mlango wa vidole na mlango wa kioo, na kila neno lililopita alilinusa. Lililo baya alilibadilisha likawa zuri, wala aliyelituma hakujua, wala aliyelipokea hakujua.

Kalunde akamuuliza kama anajua utani. Adabu akasema anaujua, ni urithi wa kupendeza, na kuna maelezo yake katika makumbusho.

"Wewe kabila gani?"

"Mimi sina kabila, Bi Kalunde."

"Basi haya hayakuhusu. Kaa pembeni."

"Naelewa una uchungu," alisema Adabu. "Nikuandalie maneno ya faraja kwa sauti ya marehemu Bi Rozalia? Nimeona mtindo wake. Naweza kumtengeneza vizuri."

Kalunde aliinuka, akavua kanga yake ya pili, akaitundika juu ya tundu la sauti pale ukutani.

*

Njia ilikuwa moja. Kwenye kona ya mtaa, juu ya nguzo, palikuwa na kisanduku cha bati kilichomfikisha Adabu kwenye nyumba arobaini. Kikifunguliwa, Adabu hulala kwa nyumba zote arobaini. Hakuna kufungua moja. Na mwenye ufunguo, aliyeapishwa na serikali ya mtaa, alikuwa Lugendo, kaka yake Kalunde, aliyemzidi miaka mitano.

Lugendo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akakunja mkono wa shati, wa kushoto, taratibu, mpaka begani, akauweka mkono mezani kama mtu anavyoweka shahada yake. Ngozi yote ilikuwa imekunjamana, nyekundu na nyeupe, toka kifundo hadi begani.

Kalunde aliujua mkono ule. Mwaka wa Ndimi, miaka thelathini na moja iliyopita, Adabu akiwa hajazaliwa, Lugendo alikuwa na mashine ya kusaga. Watoto wa mtaa waliugua matumbo, watatu wakafa. Mtu mmoja aliandika kwenye simu kwamba unga wa Kasonso una dawa. Wa pili akaongeza chumvi, wa tatu pilipili, na ilipofika saa tisa alasiri maneno yalikuwa na miguu, yakaja na petroli. Baadaye waganga walisema ni maji ya kisima. Lakini mashine ya kusaga ilikuwa imekwisha kuwa majivu, na mke wa Lugendo alikuwa ndani yake.

"Kwa ajili ya mchezo wa drafti," alisema Lugendo.

Kalunde akasema si kwa ajili ya mchezo, ni kwa ajili ya baba. Akasema baba amebeba lile kaa miaka thelathini na nne, na leo linazimwa na kitu kisicho na mama wala kabila. Akasema anayechagua matusi gani yafe na yapi yaishi anapaswa angalau kuwa amewahi kutukanwa. Alisema mengi, na mengi yalikuwa mazuri.

"Wewe ulikuwa Kigoma," Lugendo akajibu.

Kalunde alikuwa Kigoma kweli, akitengeneza redio za watu, na alikuja kufika siku ya nne.

Nje wanawake walikuwa wananyonyoa kuku wa msiba. Lugendo akaeleza, polepole, kwamba tangu kisanduku kiwekwe hajaamka hata asubuhi moja na hofu. Kwamba kila mwaka, tarehe ileile ya moto, jirani yao Bundala wa nyumba ya kumi na tisa humwandikia, *Jirani, nakuombea heri na afya.* Mtaa mzima, ni Bundala peke yake anayekumbuka. Zote amezihifadhi. Je, hayo nayo ni mabaya?

Si mabaya, Kalunde akakubali.

"Na kuna mtu humu anangoja mlango ufunguke dakika moja tu. Unamjua? Mimi simjui. Wewe utabeba begi uende. Mimi nitabaki naye."

Kalunde alitamani kusema hataondoka, lakini hakuwa mwongo. Badala yake alitoa ile karatasi ya chini ya mto, akailaza juu ya meza karibu na mkono wenye kovu. Lugendo aliisoma kama vile hakuwahi kuiona. Alikumbuka nini, haijulikani. Labda ule udongo kwenye kola.

Sheria ilimpa mwangalizi dakika ishirini kwa mwaka, za matengenezo, naye hakuwahi kuzitumia hata mara moja. Akasema atazitoa kesho saa kumi jioni, kaburini, kwa sharti moja: Kalunde aende mwenyewe nyumba zote arobaini, kwa miguu, akawaambie watu kwa mdomo wake kwamba Adabu atalala na kwa nini. Asiibiwe mtu ukuta wake bila kujua.

Akaenda. Ilimchukua jioni ile na asubuhi iliyofuata. Wengi walicheka, wazee wawili walilia, mama mmoja akasema atatoka na wanae kwa dada yake mpaka yapite. Bundala wa nyumba ya kumi na tisa, mfuga kuku, mzee mrefu asiyependa maneno, alimsikiliza akiwa ameshika kopo la pumba.

"Fungueni," akasema. "Nami nina la kusema."

*

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kwenye udongo mwekundu kando ya reli ya zamani. Jeneza likakaa juu ya viti viwili. Kalunde alivuta waya mrefu toka sebuleni, akasimamisha kioo ukingoni mwa shimo, juu ya kreti ya soda, na mbele yake ile kibodi ya vitufe. Watu walikuwa kama mia. Mchungaji alikuwa amemaliza ya kwake mapema na kusogea pembeni, mikono nyuma, akionyesha kwamba hayumo, lakini hakuondoka.

Saa kumi kamili Lugendo akapanda ngazi kwenye nguzo, akatia ufunguo.

"Sababu ya kufungua, Bwana Lugendo?" aliuliza Adabu, na sauti ikasikika mpaka kaburini.

Lugendo akamtazama dada yake. Wote walijua jibu la kuandika: matengenezo.

"Mwambie ni msiba," alisema Kalunde.

"Msiba haumo katika orodha ya sababu," alisema Adabu. "Samahani sana."

"Basi uongeze," Lugendo akasema, akageuza ufunguo.

Hapakuwa na kishindo. Ila mtaa mzima ulisikia kama mlio fulani mwembamba, uliokuwapo siku zote bila kusikika, umekatika. Kalunde akabonyeza tatu. WEWE NANI? Akaandika lile tusi la jana, herufi kwa herufi, na safari hii zikabaki kama zilivyo. Kioo kikafikiri. Kisha maandishi ya kijani yakaanza kutambaa, naye akayasoma kwa sauti ili na wa nyuma wasikie.

NANI HUYO MMEMLAZA? MIHAYO? HAIWEZEKANI. MIHAYO HAJAWAHI KULALA CHALI, MGONGO ULIKUWA WA VIFURUSHI.

Mtu akaguna. Bibi mmoja akajifunika mdomo kwa kanga.

SHIMO MMELIPIMA? MASIKIO YATAENEA?

Sasa wakacheka, kwanza kwa kuiba, kisha kweli, maana masikio ya Mzee Mihayo yalikuwa yanajulikana hadi Urambo. Vijana ambao hawajasikia tusi toka wazaliwe walitazamana, hawajui kama wakimbie au wacheke. Mmoja akamuuliza mama yake kama inaruhusiwa. Mama alikuwa anafuta machozi.

ALINIFUNGA MARA MOJA AKAJISIFU WIKI NZIMA. MIMI NILIMFUNGA MARA ELFU NIKANYAMAZA. SASA NASEMA.

SIKU NILIYOFIWA NA MAMA ALINILETEA CHAI. ILIKUWA MBAYA KAMA MAJI YA BETRI. NILIINYWA YOTE.

Kalunde akairudia hiyo ya chai kwa sauti zaidi, maana wa nyuma walikuwa bado wanacheka.

HAYA. NIMEINGIA SHIMONI. NIMELALA. SITOKI MPAKA JOGOO.

Akaandika: jogoo.

JOGOO WA HERUFI TANO? HATA MSIBANI MNABANA? ALETWE MWENYEWE. AKANYAGE HAPA.

Kalunde akaitazama kibodi. Vitufe vitatu vinavyopakana, kwa pamoja. Viachwe. Vitatu vingine. Kumbe halikuwa kosa. Ulikuwa mguu wa kuku. Rozalia alikaa mbele ya mashine ya kutupwa, miaka mingi nyuma, akapima kwa kidole upana wa ukucha wa jogoo, akaiandikia mashine jinsi anavyotembea. Na yeye Kalunde, fundi wa kudharau waliosoma, jana alinyoosha mkono alisafishe, sawasawa na Adabu. Uji ndio uliomwokoa.

Akaita jogoo. Wanawake wakatazamana. Majogoo wote wa nyumba walikuwa kwenye masufuria tangu asubuhi, na wa majirani waliochangia pia, maana msiba ulikuwa mkubwa. Zimebaki dakika kumi na moja.

Lugendo alikuwa ameshuka ngazini na kuja ukingoni. Saa yake ya mkononi ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia: nyumba arobaini zilikuwa zinasema kwenye kundi la mtaa. Alimsogezea Kalunde aone. Salamu zilizosahihishwa kwa miaka zilikuwa zinakuja uchi. Mke wa fundi bomba alimwambia mumewe kitu kuhusu miguu yake. Shemeji fulani aliitwa mbuzi, naye akajibu kwa furaha. Wengi walikuwa wanataniana tu, wakijaribu ndimi zao kama mtoto anavyojaribu meno mapya. Kisha likaja moja, la kwake peke yake, toka nyumba ya kumi na tisa.

*Unga wako ulimuua Milembe wangu. Ulistahili kuungua wewe, si mkeo.*

Lugendo alilisoma mara mbili. Chini yake zilijipanga zile za miaka yote, thelathini, na zote, kisanduku kikiwa wazi, zilikuwa zimerudi kuwa zilivyoandikwa. Kila mwaka, tarehe ileile. Milembe. Milembe. Milembe.

"Bwana Lugendo," ilisema saa, kwa sauti ya chini kabisa, maana hata akilala Adabu alibakiza jicho moja kwa ajili ya dharura, "umepokea maneno ya kuumiza. Naweza kufunga sasa hivi. Sema tu ndiyo."

Kalunde alimtazama kaka yake. Hii haikuwa ya kuisemea. Kama Lugendo angesema ndiyo, baba angezikwa nusu, na yeye Kalunde asingekuwa na haki ya kulalamika, maana alikuwa Kigoma.

"Ngoja," Lugendo akaiambia saa.

Akaondoka. Hakwenda kwenye nguzo. Alivuka uwanja, akapita reli, akaenda moja kwa moja kwenye wigo wa nyumba ya kumi na tisa, ambako Bundala alikuwa amesimama mlangoni kwake, kifaa mkononi, kama mtu aliyerusha jiwe na sasa anangoja kioo kivunjike. Watu wote wakageuka. Wanaume wawili waliokuwa na majembe wakaanza kumfuata Lugendo, Kalunde akawazuia kwa mkono.

Maneno yao hayakusikika. Lugendo aliinua saa, akamwonyesha. Bundala alisema kitu kirefu, kirefu kuliko vyote alivyowahi kusema mtaani pale, kidole kikielekea chini, kwa kimo cha mtoto wa miaka sita. Lugendo akasikiliza. Kisha alikunja mkono wa shati. Bundala akautazama mkono. Alikuwa jirani yake miaka yote hiyo na hakuwahi kuuona.

Dakika nne.

Lugendo akaonyesha banda la kuku.

Bundala akalitazama banda, akautazama tena ule mkono. Halafu akainama, akaingia bandani, zikasikika kelele, akatoka na jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi. Wakarudi wote wawili, Lugendo mbele na jogoo chini ya ule mkono wa kovu, Bundala nyuma, hatua tano nyuma, macho chini.

"Anasema jogoo huyu ni mkali, tusimshike mkia," alisema Lugendo. "Amesema na mengine. Hayo tutayamaliza sisi."

Jogoo akawekwa juu ya kibodi. Hakutaka. Alitazama watu mia kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, kwa dharau, kama karani wa tiketi. Akainua mguu, akakanyaga. Akaachia. Akakanyaga tena, akanya juu ya herufi za katikati, akapiga ubawa, akaruka chini akakimbilia kwao.

Kioo kikatulia. Kisha:

HUYO NDIYE. NIMETOKA.

MAISHA YAKE YOTE MPAGAZI HUYU ALIBEBA YA WATU. HAYA, WAVIVU NYIE. LEO ABEBWE YEYE.

Kalunde aliisoma hiyo ya mwisho akashindwa, ikamaliziwa na mchungaji, aliyekuwa amesogea bila mtu kumwona. Baada yake hapakuwa na neno lingine. Mraba mdogo wa kijani uliwaka, ukazimika, ukawaka.

Watu wakashika kamba. Upande mmoja palipungua mtu, na kabla hajatafutwa Bundala alikuwa amekwisha kuinama. Lugendo akaichukua kamba iliyo mkabala naye. Kalunde akachomoa waya, ili asije mtu yeyote mwenye roho nzuri akayalainisha maneno yale, akakifunga kijiti kwenye pindo la kanga, akaja kushika kamba ya kichwani.

"Dakika ishirini zimetimia, Bwana Lugendo," ilisema saa. "Naomba ufunguo ugeuzwe, tafadhali. Nyumba arobaini hazina ulinzi."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kamba.

"Ngoja," alisema Lugendo. "Tumebeba."